Subira si kunyamaza: albamu mbili za Mdou Moctar

 

Leo sina mapishi wala udi wa kuwaelekeza. Leo nataka kuzungumza roki. Najua wako watakaocheka: mama mzima na buibui lake, anasikiliza magitaa! Na kuhusu muziki wenyewe, masheikh wamekhitilafiana, kila mmoja na dalili zake. Anayejiepusha namheshimu, na mlango huo siufungui leo. Nasema tu nilichokisikia.

Mdou Moctar ni jina la mpiga gitaa na pia la bendi yake. Ni Mtuareg wa Niger, Muislamu, mtoto wa nyumba ya dini ambayo haikupenda aguse gitaa la umeme. Basi akajichongea lake la mbao, na kwa nyuzi akatumia waya za breki za baskeli. Nyimbo zake za mwanzo zilienea Sahara kwa memori kadi za simu, huyu akimpa yule. Leo albamu zake zinatoka kwa Matador, kampuni ya New York inayosimamia bendi za roki zilizo nje ya makampuni makubwa.

Ya kwanza ninayotaka kuisema ni Funeral for Justice, yaani maziko ya haki, iliyotoka Mei 2024. Inaanza kwa kishindo, kama mtu anayegonga mlango ambao ameshaugonga kwa adabu mara nyingi. Anaimba kwa Kitamasheki na sielewi hata neno, ilinibidi nisome tafsiri. Katika wimbo uliobeba jina la albamu anawakabili viongozi wa Afrika na kuwauliza kwa nini wanawasikiliza wakubwa wa nje kuliko watu wao. Katika Oh France anaishitaki Ufaransa. Katika Imouhar anawasihi wenziwe wasiiache lugha yao ikafa. Gitaa linakwenda mbio mpaka unahisi litakatika. Kuna mahali nilichoka, maana nyimbo zinafuatana bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini sikuizima.

Kisha yakatokea mapinduzi ya Niger, Julai 2023, bendi ikiwa ziarani Marekani. Albamu ilikuwa haijatoka bado, na wao nyumbani hapaendeki. Wakaingia studio Brooklyn na kuzipiga upya nyimbo zilezile, safari hii bila magitaa ya umeme, wamekaa kama watu barazani. Ahmoudou Madassane, mpiga gitaa wa pili, aliporudi Niger alirikodi kundi la Watuareg wakiitikia, na sauti zao zikaunganishwa humo. Hiyo ndiyo Tears of Injustice, machozi ya dhulma, iliyotoka Februari 2025.

Wengi watawaambia kuwa ya kwanza ni hasira na ya pili ni huzuni. Mimi naona hasira ni moja. Ila katika ya pili imekaa chini, imeshusha sauti, na inakutazama usoni. Ile ya kwanza nikiisikiliza najiona mimi ndiye ninayepiga kelele, na nikimaliza nimepoa. Hii ya pili hainipoozi. Kelele zimeondoka, limebaki neno, na neno linadai jawabu. Kama mtaniuliza ipi bora, nitasema hii ya pili, ingawa wimbo wa maziko ya haki umepungua nguvu kidogo bila ya kile kishindo.

Sasa niseme langu. Marehemu baba yetu aliacha mikarafuu. Miaka mitatu karafuu zinachumwa, zinaanikwa, zinauzwa, na sisi watoto wa kike hatujaona hata pishi moja. Kila nikigusia naambiwa, "Subiri, usiufedheheshe ukoo." Nikasubiri. Nilidhani hiyo ndiyo imani.

Usiku mmoja naosha vyombo, hedifoni masikioni, nikawasikia wale waitikiaji wa Niger. Nikajiuliza: mimi nasubiri, au naogopa? Maana dini yetu haikumfunga mdomo aliyedhulumiwa. Bibi Khawla bint Thaalaba alipeleka malalamiko ya mumewe kwa Mtume (S.A.W.), akayarudia, na Mwenyezi Mungu akamsikia, ikashuka Surat Mujadala. Na hapa kwetu Unguja, Siti binti Saad aliimba Kijiti, kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa huku muuaji akikimbia. Mtuareg na gitaa lake hakuniletea jambo geni. Alinikumbusha la kwetu.

Mwezi uliopita, baada ya isha, nilimwendea kaka yangu mkubwa. Sikupandisha sauti. Nilimwambia, "Kaka, sitaki zaidi ya alichonipa Mungu. Mafungu yameshagawiwa katika Surat Nisaa, kazi yetu sisi ni kuhesabu miti." Alinyamaza kitambo. Kisha akaomba nimpe muda mpaka vuli ipite. Nimempa. Lakini safari hii tumewekeana tarehe, na mashahidi walikuwepo.

Sijui mambo yataishaje. Ninachojua ni kuwa usiku ule nililala, jambo ambalo kwa miaka mitatu lilikuwa zito.

Dada zangu, mkitaka kusikiliza, anzeni na ile tulivu. Ile ya kelele iwekeni siku nyumba haina mtu. Na kama yuko anayekwambia usubiri, muulize kwa upole: nisubiri mpaka lini?

Wabillahi tawfiq.