Pesa ya Rufiji ilikuwa ndogo, lakini ilifika

Ukitaka kujua kama programu ya afya itadumu, usisome hotuba ya uzinduzi. Uliza nani atalipia mafuta ya pikipiki mwaka wa nne, fulana zikishapauka na mgeni rasmi akishasahau jina la kijiji.

Swali hilo limekuwa chungu tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na zaidi baada ya shirika lake la USAID kufungwa Julai mosi mwaka huo. Katika nchi zetu, watumishi waliolipwa na miradi waliambiwa wabaki nyumbani. Wengine ndio waliokuwa wakijaza rejesta, wakipeleka sampuli maabara na kuwatafuta wagonjwa walioacha dawa. Kilio kilichofuata ni halali. Tangu 2003 mpango wa PEPFAR umegharimia sehemu kubwa ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na hakuna halmashauri inayoweza kuziba pengo la namna hiyo kwa ushuru wa mazao.

Lakini kuna kauli moja inayopenyezwa ndani ya kilio hicho ambayo hatuikubali: kwamba bila mabilioni ya wafadhili hakuna la kufanyika. Jibu lake tunalo nyumbani, na lina zaidi ya miaka ishirini.

Katikati ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Walitaka kuona nini kitatokea wilaya ikiongezewa fedha kidogo, ikaachiwa ipange yenyewe, na ikapewa takwimu za nini hasa kinaua watu wake. Nyongeza iliyotengwa ilikuwa hadi dola mbili kwa mtu kwa mwaka. Wilaya hazikuweza hata kuzimaliza. Kwa wastani, walichofanikiwa kutumia hakikufika dola moja kwa kichwa.

Takwimu hazikutoka hospitali, kwa sababu vijijini watu wengi hufia nyumbani na hospitali haijui. Rufiji, wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne katika eneo lenye watu takriban 85,000, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Penye msiba walirudi baadaye, wakawauliza wafiwa taratibu: alianza kuumwa lini, alikuwa na homa, alibanwa na kifua? Majibu yakachorwa katika michoro ambayo mganga mkuu wa wilaya angeielewa bila kumwita mtaalamu wa takwimu.

Michoro hiyo ilifichua aibu. Morogoro, malaria peke yake ilichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipata kama asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya wilaya. Hakuna aliyekuwa ameiba. Watu walikuwa wananakili bajeti ya mwaka jana na kuongeza kidogo hapa na pale, kama zinavyoandikwa bajeti nyingi hadi leo.

Wilaya zikahamisha fedha. Waganga na wauguzi wa zahanati wakafundishwa kumwangalia mtoto mgonjwa mzima mzima, si homa yake peke yake, maana anayeletwa kwa malaria anaweza kuwa na nimonia na utapiamlo pia. Vyandarua vikapewa uzito.

Halafu yakaja mambo ambayo hayapigwi picha, na ndiyo tunayotaka msomaji ayatazame. Zamani timu ya wilaya ilitakiwa kuzungukia kila zahanati kwa gari moja ambalo nusu ya mwaka liko gereji. Utaratibu ukabadilishwa: vituo vikubwa vikapewa kazi ya kusimamia zahanati zinazovizunguka, kwa pikipiki na redio za mawasiliano. Mganga aliyeishiwa dawa hakusubiri tena ziara ya robo mwaka ili aseme. Majengo yaliyokuwa yakivuja yalikarabatiwa na wanakijiji wenyewe kwa nguvu zao, mradi ukinunua vifaa vya dukani. Yote hayo ni kazi ya kawaida ya utawala iliyofanywa kwa wakati.

Kufikia 2003, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano hivi. Hatusemi mradi ulifanya yote. Katika kipindi hichohicho biashara ya vyandarua ilikuwa inapanuka nchini, na mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa imechoka, na kuchukua dawa ya SP. Hata ukiondoa hayo, wilaya mbili maskini zilionyesha kwamba pesa kidogo isiyokatika, ikifuata vifo badala ya mazoea, inaokoa watoto wengi.

Serikali haikulipuuza somo hilo lote. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati na kituo cha afya. Mganga mfawidhi anaweza kununua gesi ya jokofu la chanjo bila kuandika barua tatu kwenda halmashauri. Hilo ni jambo kubwa, na tunashangaa linavyotajwa kwa nadra majukwaani.

Sasa limekuja jaribio kubwa zaidi. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Ndio watakaojua nani ana mimba na hajaanza kliniki, na mtoto yupi karuka chanjo. Tunauunga mkono mpango huu bila kusitasita, na kwa sababu hiyohiyo tunauliza: mishahara yao iko kwenye fungu gani la bajeti?

Tunauliza kwa sababu filamu hii tumeshaiona. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima takriban milioni mbili kuzunguka redio, vyoo vikachimbwa nchi nzima, na dunia ikaja kujifunza. Lakini wahudumu wa afya wa vijiji wa miaka ya 1970 na 1980 walikabidhiwa kwa vijiji ili viwalipe. Vijiji havikuwa na kitu. Wahudumu wengi wakarudi shambani, na visanduku vyao vya dawa vikabaki vitupu. Hawakukosa uzalendo, walikuwa na watoto wa kulisha.

Kenya inapitia jambo hilohilo kwa namna yake. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba ya vifaa na simu za kuingizia taarifa. Malipo yakapangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwenye karatasi ni mgawanyo wa haki. Lakini zipo kaunti ambako wahudumu wamelalamika kukaa miezi bila kuona nusu ya kaunti. Mtu mwenye waajiri wawili wanaotupiana mpira hana mwajiri.

Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2018, katika mwongozo wake kuhusu wahudumu hawa, kwamba walipwe kulingana na kazi yao na wapewe mkataba wa maandishi. Ahadi ya Abuja ya 2001, kwamba asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, hatutairudia hapa. Kila waziri anaikumbuka na wachache wameitekeleza. Tunaomba kitu kidogo kuliko hicho. Kabla ya kuandaa semina nyingine hotelini yenye posho ya siku tatu, mtu wizarani akae na kikokotoo alinganishe gharama yake na malipo ya mwaka mzima ya wahudumu wa kata moja. Matokeo yapelekwe kwenye kamati ya Bunge inayosimamia afya.

Na bajeti ijayo isomwe ikiwa na fungu lenye jina la wahudumu wa jamii, lisilotegemea mfadhili, na lisiloruhusiwa kuhamishiwa matumizi mengine katikati ya mwaka. Kila halmashauri itangaze kila mwezi wangapi wanatakiwa kulipwa na wangapi wamelipwa. Orodha ya majina yao ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pale pale panapobandikwa taarifa ya mapato na matumizi, ili anayedai jina lake halipo aseme mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na mtendaji amjibu siku hiyohiyo.