Kinywe cha Ruponda na Magari ya Viwanja vya Ndege

Mjadala wa magari yanayotumia umeme sasa umefika katika viwanja vya ndege. Katika nchi nyingi wenye viwanja wanaweka vituo vya kuchaji katika maegesho ya abiria, na pia katika eneo la kazi, ambako magari ya kuvuta mizigo na kusukuma ndege hayaendi mbali na kila usiku hurejea pale pale. Nasi hatuna budi kulitazama jambo hili, kwani teksi zinazowapokea wageni Unguja, sawa na zile za Dar es Salaam, hula mafuta yanayonunuliwa kwa fedha za kigeni. Lakini tungependa wahusika waanze kulitazama wakiwa Ruponda, siyo wakiwa katika ukumbi wa wageni mashuhuri.

Sababu yetu ni kinywe. Upande mmoja wa betri ya gari la umeme hutengenezwa kwa madini hayo, na gari moja huhitaji makumi ya kilo. Kinywe hicho kimo katika ardhi ya Ruangwa, huko Nachu, Chilalo na Matambalale. Upande wa Nachingwea, katika kilima cha Ntaka, iko nikeli, ambayo nayo huingia katika betri nyingi. Mkulima wa korosho wa sehemu hizo analima juu ya mali ambayo wenye viwanda wa dunia wanaisaka usiku na mchana.

Wazee wa Ruponda hawatastaajabu wakisikia kwamba wageni wameiona ardhi yao kuwa na thamani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ilijengwa Mtwara, reli ikalazwa hadi Nachingwea, uwanja wa ndege ukafyekwa. Mwaka 1951 mradi ulitupwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Baadaye reli nayo iling'olewa. Waliopanga walikuwa London, wala hawakumwuliza mwenyeji mvua hunyesha lini.

Hali ya leo si ile ya 1947. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Hata hivyo, nguvu katika biashara hii haiko kwa mchimbaji. Iko kwa yule anayesafisha kinywe hadi kifae kuingia katika betri. Desemba 2023, China ilipoanza kudai vibali kwa kinywe kinachotoka nchini mwake, viwanda vya mbali vilitaharuki. Sisi tukipeleka magunia nje na kununua betri, tutakuwa tumeihama foleni ya mafuta na kujipanga katika foleni nyingine.

La pili ni umeme wenyewe. Mitambo kumi ya kuchaji kwa haraka, kila mmoja wa kilowati 50, ikifanya kazi kwa pamoja hutaka nusu megawati. Si mzigo wa kutisha. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia katika gridi Februari 2024, limejengwa kwa megawati 2,115. Ila megawati za Rufiji hazimsaidii dereva ikiwa njia ya kuzifikisha ni dhaifu. Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji kufundishwa hilo: mwaka 2008 walikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 wakakaa tena kwa miezi mitatu, kwa hitilafu katika njia ile ile moja iliyovuka bahari tangu 1980. Kebo ya pili ilikuja mwaka 2013. Lindi na Mtwara nao kwa miaka mingi walitegemea gesi ya Mnazi Bay peke yake, mbali na gridi ya Taifa.

Kwa maoni yetu, kazi ianze na magari ya ndani ya viwanja, yanayolala usiku na kuweza kuchajiwa polepole wakati matumizi ya umeme yamepungua. Teksi zifuate, kwa bei itakayomvutia dereva. Kenya iliweka bei maalumu ya kuchaji magari mwaka 2023, nayo hushuka saa za usiku. TANESCO na ZECO wanaweza kuupima mfano huo.

Tunaiomba Wizara inayosimamia viwanja isikae peke yake katika shauri hili. Wenzao wa Nishati na Madini wawepo mezani, na upande wa Zanzibar uwepo tangu kikao cha kwanza. Na kabla ya betri ya kwanza kuagizwa kwa ajili ya kiwanja chochote, muuzaji aulizwe kinywe chake kimesafishwa wapi, na ni masharti gani yatamfanya akisafishe Lindi.