Petroli Huanza Kuungua Jikoni

Leo tunaweka kando udi, hina na vitambaa vya harusi, tunazungumza petroli. Najua wengine mshaguna. Lakini mafuta ndiyo yanayowakosesha usingizi dada wengi wa kisiwa hiki: mwalimu anayelala Makunduchi na kusomesha Mjini, mkunga anayetoka Nungwi, mwanafunzi anayekwenda chuo Tunguu, bibi harusi aliyeolewa Jambiani ilhali ajira yake iko Mwanakwerekwe. Kila mwezi ZURA ikitangaza bei mpya, hao ndio wa kwanza kushika simu.

Wanachoambiwa siku zote ni habari za gari. Ipeleke kwa fundi, badilisha plagi, safisha filta ya hewa, tia oili nzuri. Yote ni sawa, yafanywe. Ila mimi nina maoni yangu, na najua hayatawafurahisha baadhi ya kina baba watakaochungulia hapa. Petroli nyingi ya mwanamke mwenye nyumba hupotea kabla hajawasha gari. Hupotea jikoni, baina ya sala ya alfajiri na saa 12:30, wakati yeye anachoma mandazi, anapiga pasi sare, anatafuta soksi ya mtoto chini ya kitanda, na mwenziwe amerudi kulala au yuko na simu. Mpaka anatoka, keshachelewa. Na mtu aliyechelewa barabarani hana pa kufidia ila mguu wake wa kulia.

Chukueni kalamu. Makunduchi mpaka Mjini ni kama kilomita 60. Kwenda na kurudi, 120. Siku za kazi 22 kwa mwezi zinakuwa kilomita 2,640. Gari ndogo yenye injini ya cc 1,300, hizi Vitz na IST zilizojaa mitaani kwetu, tuseme ikiendeshwa kwa utulivu inakwenda kilomita 15 kwa lita moja. Mwezi utakula lita 176. Gari hiyo hiyo ikiendeshwa kwa pupa, ikashuka mpaka kilomita 12 kwa lita, mwezi utakula lita 220. Tofauti ni lita 44. Zidisha mwenyewe kwa bei ya mwezi huu. Ukitoa mwezi mmoja wa likizo, kwa mwaka ni lita 484, ambazo zingekupeleka kazini kwa karibu miezi mitatu.

Usiziamini namba zangu kwa gari yako. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita zinazosoma mbele yako, endesha wiki nzima, kisha jaza tena mpaka juu, ikiwezekana kwenye sheli ile ile. Kilomita ulizokwenda uzigawe kwa lita ulizotia. Fanya hivyo wiki nne mfululizo, na pembeni ya kila siku andika saa uliyotoka nyumbani. Hiyo safu ya saa ndiyo nitakayo uiangalie. Utaziona wiki ulizowahi kutoka na wiki ulizotoka mbio, na utaona zimeandikwa kwa lita.

Sababu yake haina uchawi. Gari ikienda, inausukuma upepo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo unaizuia mara nne. Ukitoka 80 ukapanda 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma imeongezeka kwa zaidi ya nusu, na petroli ndiyo inayolipa. Umepata nini? Tuchukulie katika hizo kilomita 60, arubaini njia ni nyeupe. Kwa mwendo wa 80 utazimaliza kwa dakika 30. Kwa 100, dakika 24. Umenunua dakika 6, na barabara zetu unazijua: zinapita katikati ya vijiji, watoto wanavuka kwenda skuli, baiskeli ina mzigo wa nazi, gari ya ng'ombe haina taa. Kuna watu wamenunua dakika hizo kwa bei ambayo hakuna mshahara unaoilipa.

Halafu yako matuta. Pale Jozani yamewekwa ili kima punju wasigongwe, na vijijini yamewekwa kwa ajili ya binaadamu. Dereva mwenye haraka hukanyaga mafuta baina ya tuta na tuta, kisha hukanyaga breki kwa nguvu. Kila anapofanya hivyo, petroli iliyolipandisha gari mwendo inageuka joto kwenye breki na kupotea hewani. Mwenye nafasi analiona tuta kwa mbali, anaondoa mguu mapema, gari inapungua yenyewe. Na hapa nitie neno kwa wale waliofundishwa na kaka zao kuweka nyutro ili kubana mafuta. Gari nyingi za siku hizi zina kompyuta inayopima petroli. Ukiondoa mguu huku gia imo, kompyuta huikata petroli, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro, injini inalazimika kuunguza kidogo ili isizime, na gari inakosa msaada wa injini katika kujizuia. Hubani kitu, na unajiweka hatarini.

Kiyoyozi nacho kinakula, sikatai. Lakini kwenye mwendo wa barabara kuu vioo vilivyo wazi navyo vinakamata upepo, kwa hiyo dada mwenye buibui lake kwenye jua la saa 9 asijitese. Toa ndoo, mifuko ya mchanga na vyombo vya shughuli ya mwezi uliopita kwenye buti, basi.

Sasa turudi jikoni. Kazi zetu nyingi zinaanza saa 1:30 asubuhi. Anayetoka Makunduchi saa 12:05 anafika kwa utulivu, akakuta hata pa kuegesha. Anayetoka saa 12:25 anapita njia ile ile na roho mkononi. Dakika 20 tu. Sasa niulize: dakika 20 hizo ziko wapi? Sio kwamba mke ni mvivu, maana keshaamka kabla ya adhana. Ziko kwenye kazi ambazo mtu mwengine mzima aliyemo ndani ya nyumba anaweza kuzifanya bila ya kudhurika. Kuchemsha chai. Kuwavisha watoto viatu. Kupiga pasi kanzu yake mwenyewe. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia ahli zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Maneno haya tunayasikia kwenye mihadhara ya ndoa kila siku, kisha asubuhi yake baba anauliza mandazi mbona bado.

Mume anayelalamika kwamba mkewe anamaliza mafuta, naye ni yule yule anayesubiri chai kitandani, anajilalamikia mwenyewe. Hata hesabu haiko upande wake. Kama lita hizo 44 zinatoka mfukoni mwake, basi kuchemsha chai ni kazi yenye ujira mzuri kuliko vibarua vingi vya mjini.

Wapo watakaosema dawa ni mwanamke abaki nyumbani, petroli yote isalimike. Kwa anayetaka na ameridhika, hilo ni jambo lake na la mumewe, na nyumba nyingi zimejengwa hivyo kwa heri. Lakini wanaosema hivyo huwa hawasemi nani atampokea mke wao siku ya uchungu ikiwa kila mkunga ameambiwa abaki nyumbani, wala nani atamsomesha binti yao ikiwa walimu wanawake wote wamerudi Makunduchi. Tunataka huduma ya mwanamke mwenzetu hospitalini na skuli. Basi yule mwanamke lazima afike, na afike salama.

Mwezi wa Ramadhani ndio mtihani wenyewe, khasa safari ya kurudi. Mwanamke ametoka kazini, amepita Mwanakwerekwe kununua muhogo na ndizi, jua linashuka, na kichwani ana viazi vya futari ambavyo havijamenywa. Swaumu imemchosha, macho mazito. Hapo ndipo mguu unapokuwa mzito kuliko siku zote. Nyumba ambayo kijana wa kiume wa miaka 15 anajua kumenya muhogo na kukuna nazi ina mama anayefika taratibu. Kijana huyo hapungukiwi na chochote, na mke atakayemuoa atakushukuru.

Na nyinyi mabibi harusi watarajiwa, hili ni lenu zaidi. Somo anafundisha mengi, Allah amlipe, lakini sijapata kumsikia somo anayemuuliza mwari: utakapohamia kwa mumeo, kazini utafika kwa nini, na nani atatia mafuta? Posa inajibiwa, mahari yanatajwa, ukumbi unalipiwa, halafu mwezi wa pili baada ya fungate ndipo inapogundulika kwamba nyumba ya mume iko kilomita 55 kutoka kazini. Nafaka ya nyumba ni juu ya mume, na mshahara wa mke ni mali yake mwenyewe, hayo tunayajua. Petroli ya kwendea kazini ndiyo inayoangukia katikati, kila mmoja anadhani ni ya mwenziwe. Isemwe kabla ya nikah, kwa adabu na kwa namba. Kilomita ngapi, lita ngapi, nani analipa, na asubuhi nani anafanya nini. Mkiona haya kuulizana nyinyi kwa nyinyi, shangazi aulize. Mchumba anayekasirishwa na swali la lita, mapema amekuonyesha jambo.

Katika mazungumzo hayo hayo ulizeni kama mnaweza kupanga Tunguu au Fuoni kwa miaka miwili ya mwanzo. Na kama kuna zawadi ya gari, msiitazame kwa picha itakayopigwa siku ya harusi. Gari kubwa yenye viti saba inapendeza na maua mbele, lakini kumbeba mtu mmoja kilomita 120 kila siku ndani ya viti saba ni israfu, na inakuja kudaiwa kwenye sheli kila wiki.

Kuna jambo moja linaloshinda yote niliyoyataja, nalo ni kupakiana. Tunajua kucheza upatu wa pesa miaka nenda miaka rudi, kwa nini tusicheze upatu wa gari? Wanawake wanne wa njia moja, wenye gari wanapokezana wiki kwa wiki, asiye na gari anachangia mafuta. Uzito wa watu watatu zaidi unaongeza petroli kidogo sana ukilinganisha na kuwasha gari nne. Yule wa lita 176, mkiwa wanne wote mna gari, anabakia na kama lita 44 na kitu kidogo juu yake kwa mwezi. Na wazazi na waume wanatulia mkiwa pamoja, khasa siku za masika giza linapowahi.

Lakini upatu wa gari unavunjika kwa vitu vile vile vinavyovunja upatu wa pesa, kwa hiyo muwe wakali tangu mwanzo. Mchango unatolewa tarehe ya mshahara, sio baada ya kukumbushwa, maana kuoneana haya ndiko kunakoua urafiki. Saa ya kuondoka ni saa ya kuondoka. Asiyekuwepo apande daladala, 310 ipo. Dereva wa wiki haombwi kupita kwa fundi cherehani. Na ulimi muufunge mkanda pia, kwa sababu wanawake wanne kwa saa nzima ndani ya gari, kusengenya hakuhitaji petroli.

Mtaona upatu huu unaleta jambo jengine nyumbani. Mke akitoka peke yake, akichelewa ni shauri yake. Honi ikilia nje na wenziwe watatu wanasubiri, nyumba nzima inaamka. Nimeona baba aliyekuwa hajui sukari inawekwa wapi akiwavisha watoto viatu kwa kuona aibu mbele ya gari la watu.

Limebaki la tairi, kwa sababu kila nikizungumza mafuta huulizwa. Ndiyo, tairi lenye upepo mdogo linaongeza petroli na linakwisha upesi kwenye kingo. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko ndani ya mlango wa dereva, kwa hiyo usikubali kila anayekwambia tia 40. Pima angalau mara mbili kwa mwezi, tairi zikiwa za baridi, maana zikishakwenda safari namba inapanda na kukudanganya. Kipimo cha mkono ni rahisi na kinakaa kwenye droo ya gari. Ni kazi ya dakika 5 asubuhi kabla ya kuondoka, na si lazima aifanye yule anayekwenda kuendesha.