Chandarua cha Gikomba

Juzi nilikuwa Nairobi kwa arusi ya jamaa, nikafuatana na shangazi yangu mpaka soko la Gikomba. Mjukuu wake anakwenda Kilifi likizo, naye alitaka kumnunulia chandarua. Akapenda kimoja cheupe, chenye marembo. Nikamwuliza muuzaji, "Kimetiwa dawa?" Akasema, "La, sheikh, hiki ni cha kitambaa tu."

Kijana yule alisema kweli, Mungu amlipe. Nairobi iko juu, ina baridi, na mbu wengi wa mitaa ile ni wa maji machafu, wasioeneza malaria. Pwani sivyo. Utafiti wa Kilifi uliotangazwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa vyandarua vya dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban thuluthi moja. Mkono wa mtoto ukiegemea kitambaa kitupu, mbu humwuma kupitia tundu zake. Penye dawa, mbu hufa. Na mtoto wa Nairobi, ambaye mwili wake haujaizoea malaria, hulemewa upesi.

Pembeni palikuwa na vya dawa, vya serikali, vile wapewavyo bure wajawazito kliniki huku kwetu. Nikamzuia shangazi asivinunue. Ile ni amana ya mja mzito fulani, aliyelala bila.

Tukampigia simu bintiye Kilifi. Kumbe cha kliniki anacho, kimo sandukuni, eti chaleta joto.