Bunduki ya Babu Iliyokutwa Darini

Wiki hii nimeandikiwa na kijana wa Kibokoni. Babu yake amefariki, na nyumba ya Mji wa Kale ilipokuwa ikisafishwa, darini pakatoka bunduki ya mitutu miwili imeviringwa gunia. Mjomba ataka ipelekwe Ndia Kuu kwenye maduka ya vitu vya kale ili karo ya muhula ipatikane. Kijana auliza: yaweza kuwa na thamani gani?

Poleni kwa msiba. Lakini kwanza, mwanangu, isitoke nje. Leseni ya bunduki ni ya mtu mwenyewe, hairithiwi kama saa ya ukutani. Nendeni kituo cha polisi mikono mitupu, mtoe habari, waje wao. Kuipitisha vichochoroni ndani ya gunia ni kutafuta jela. Na asiwepo wa kuvuta kifyatulio "kujaribu". Risasi iliyosahauliwa miaka mingi yaweza bado kuua.

Ikishakaguliwa, mwenye ujuzi aitenganishe mitutu na kitako. Chini ya mitutu ndiko kuliko cheti cha kuzaliwa. Jina lililonakshiwa juu lisiwalevye, maana majina ya mafundi wa London yalighushiwa sana. Tazameni mihuri midogo. Bunduki za Uingereza hujaribiwa kwa baruti kali London au Birmingham, kisha hugongwa muhuri. Mkiona maneno NOT FOR BALL, yaani itiwe marisau wala si risasi nzima, basi ilipigwa muhuri kati ya 1875 na 1887. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni za Liège, Ubelgiji, mji uliouza Afrika bunduki nyingi za bei nafuu. NP ni alama ya kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Ikikosekana, na mitutu ina michirizi kama ukili uliosukwa, ilitengenezewa baruti nyeusi. Risasi za leo zaweza kuipasua usoni pa mpigaji.

Sasa bei. Wengi hudhani kuukuu ni ghali. Tangu uwindaji upigwe marufuku Kenya mwezi wa Mei 1977, wanunuzi hapa ni wachache. Kutu ndani ya mtutu hushusha bei kuliko kitako kilichokwaruzwa, na msasa ni mbaya zaidi. Nimewahi kuona moja iliyosuguliwa hadi ikang'aa kama sufuria ya Idi. Mihuri yote imefutika, na thamani ikaenda nayo.

Ile hadithi ya babu, kwamba Mzungu mashuhuri aliiulia simba, ni tamu, lakini mnunuzi hulipia karatasi. Lipekueni kasha lake: risiti, barua, leseni ya zamani. Ikiwa kweli ni ya Holland & Holland au Westley Richards, nakilini nambari yake mwandikie kampuni; vitabu vyao vya zamani huonyesha nani aliinunua na mwaka gani.

Karo ya muhula huu, mjomba aitafute kwingine. Nambari ikipatikana, kijana, niandikie tena.