Juu ya Safari za Kikundi za Kutazama Nchi

Imeingia desturi mpya vijijini mwetu, nayo asili yake ni njema. Shule, kwaya na vyama vya akina mama hukusanya fedha kidogo kidogo, hukodi basi, kisha watu huenda pamoja kuitazama nchi yao. Wengine huenda Mikumi kutazama wanyama, wengine huenda Bagamoyo kutazama mambo ya kale, wengine huenda kuiona bahari na kuoga. Babu zetu wengi wa bara walikufa hawajaiona bahari. Leo mtoto wa darasa la tano huiona kwa macho yake, akarudi kuwasimulia wadogo zake. Mimi sizipingi safari hizo. Ninalolipinga ni namna tuzipangavyo, na leo nataka kulisema jambo hili waziwazi, wala nisimwonee mtu haya.

Kosa letu ni moja: twahesabu mahali, hatutazami. Karatasi ya safari ikibandikwa mlangoni pa shule, au habari zake zikitumwa katika simu, neno la kwanza tuulizalo ni, "Tutafika mahali pangapi?" Safari ya mahali pamoja tu huonekana ya kimaskini, safari ya mahali panne husifiwa, na aliyeipanga huitwa hodari. Mimi nasema kinyume chake. Safari ya siku moja na iwe ya mahali pamoja tu. Mtu awaandikiaye wenzake mahali panne kwa siku moja awauzia majina ya mahali, wala si mahali penyewe. Tena ahatarisha roho zao.

Tufanye hesabu, maana hesabu haimpendelei mtu. Tuwatwae watu wa Morogoro, waliopangiwa kutazama wanyama wa Mikumi asubuhi, kufika Bagamoyo mchana, kuyaona magofu ya Kaole, kuoga baharini, kisha kurudi kwao. Toka Morogoro hata kuingia mbuga ya Mikumi ni kilometa mia na zaidi kidogo, na kurudi ni zizo hizo. Toka Morogoro hata Bagamoyo, kwa njia ya Chalinze na Msata, hazipungui 180, na kurudi vivyo hivyo. Jumla yake ni karibu kilometa 600. Basi la abiria halina ruhusa ya kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na penye nyumba za watu ni 50 tu. Tena njiani mna malori, matuta na vituo vya askari. Likienda kwa wastani wa kilometa 50, litakuwa njiani saa 12. Na mchana wa nchi yetu wote ni saa ngapi? Ni saa 12. Basi nauliza: hayo mahali panne yatatazamwa lini?

Jibu twalijua sote. Watu huondolewa usiku wa manane, hurudishwa usiku wa manane, na dereva ni yule yule mmoja. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Walakini ruhusa si amri. Mabasi yafanyayo kazi hiyo kila siku yana taratibu zake. Sisi tumemkodi mtu mmoja, tumemkesha, kisha twamtaka atufikishe salama. Tukumbuke tarehe 6 Mei, mwaka 2017, karibu na Karatu. Basi lililochukua watoto wa shule kwenda kufanya mtihani lilitumbukia korongoni, wakafa watoto 32, na walimu wawili, na dereva. Haikuwa usiku ule. Ilikuwa asubuhi, na mvua, na safari yenyewe haikuwa ya siku nzima. Ikiwa barabara yaweza kutuletea msiba mkubwa namna hiyo mchana, ni akili gani ituongozayo kuwapakia watoto wetu usiku, ili tu karatasi yetu iwe na jina la mahali pamoja zaidi?

Lakini hata ikiwa wote watarudi salama, tazameni walichokipata. Wanyama wa mwituni hawana ratiba yetu. Huonekana vizuri asubuhi na jioni; jua likiwa kali, simba hulala kivulini na wengine wengi hujificha. Mbuga ya Mkata, katika hifadhi ya Mikumi, ina udongo mweusi unatao wakati wa masika, na basi kubwa likiingia mahali pasipofaa hukwama. Mwenye kupanga safari yampasa kuuliza kwanza: njia za ndani zapitika mwezi huu? Basi letu laweza kuingia, au twahitaji gari jingine? Sisi hatuulizi. Twafika saa tano, twaona swala na twiga karibu na njia kuu, mtu akamwona tembo kwa mbali, kisha honi yapigwa: "Ingieni, ingieni, Bagamoyo mbali!" Njia kuu iendayo Iringa yapita katikati ya hifadhi hiyo. Wanyama wa namna hiyo abiria yeyote wa Mbeya huwaona dirishani mwa basi bila kulipa ada ya kiingilio.

Na bahari ndiyo isiyomngoja mtu kabisa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku na usiku wake, na kila siku hukawia kama dakika 50 kuliko jana. Mtoto wa mvuvi ayajua hayo kabla hajajua kusoma, tena ajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Sisi wa bara twafika Bagamoyo saa yoyote. Maji yakiwa yamekupwa, watoto wakuta tope na mchanga, na bahari i mbali, wasema, "Hii ndiyo bahari?" Maji yakiwa yajaa, ni hatari zaidi, kwa kuwa wengi wao hawajui kuogelea, na mwalimu aliyekesha njiani hana macho ya kuwalinda watoto 50 majini. Kumpigia simu mtu wa pwani, ukamwuliza saa za maji ya siku fulani, ni kazi ya dakika tatu. Ni wapangaji wangapi waifanyao?

Sasa nayajia mambo ya kale, maana hapo ndipo panaponiuma. Mtu asiyeambiwa neno kabla ya safari ataona nini Bagamoyo? Ataona nyumba kuukuu, msalaba na miembe. Aliyefundishwa ataona mengine. Atajua ya kuwa hapo ndipo misafara ya bara ilipokoma, na pembe za ndovu na watumwa wakapakiwa majahazini. Atajua ya kuwa mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walijenga hapo, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Atajua ya kuwa Wajerumani waliufanya mji huu kuwa makao makuu yao hata mwaka 1891, na ya kuwa Abushiri bin Salim aliyepigana nao alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Akifika Kaole ataona msikiti wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo, naye atafahamu kwamba pwani yetu ilikuwa ikifanya biashara na nchi za ng'ambo kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku.

Tena atajua habari za Chuma na Susi. Livingstone alipokufa mwezi wa Mei 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Je, twaweza kuwaonyesha watoto wetu jambo hili kwa nusu saa, basi likinguruma nje?

Na hapo pana aibu kubwa kwetu. Wapagazi waliokuja Bagamoyo, wengi wao Wanyamwezi, hawakuwa na ramani wala simu, lakini walijua kupanga safari kuliko sisi. Alikuwako kirangozi wa kuongoza njia, na wanyapara wa kuangalia watu. Posho ilihesabiwa kabla ya kuondoka. Kwa desturi walianza alfajiri, na jua lilipokuwa kali walikwisha tua penye maji. Hakuna aliyesifiwa kwa kupita kambi nyingi kwa siku moja. Alisifiwa aliyefikisha watu na mizigo. Sisi tulio na lami na mabasi tumeacha akili yao, tukashika haraka.

Najua nitakavyojibiwa. Mzazi mmoja atasema, "Mwalimu, sisi ni maskini. Nafasi hii hatutaipata tena. Heri watoto waone vyote, japo kwa upesi." Neno hili ni la kweli, nami naliheshimu, lakini mwisho wake si huo. Kwa kuwa nafasi ni moja, ndiyo sababu isipotezwe. Mtu mwenye shilingi moja hanunui vionjo vya vyakula vinne akalala na njaa. Hununua chakula kimoja akashiba. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Na huyu mshika nne tumwambieje? Tena, safari ya kilometa 600 hula mafuta mengi kuliko ya kilometa 220 za kwenda Mikumi na kurudi. Fedha itakayosalia yaweza kumpeleka mtoto ambaye mzazi wake hana kitu.

Maana hilo nalo ni kosa letu: aliye maskini kuliko wote huachwa nyumbani, akabaki darasani tupu akisikia basi likiondoka. Tuseme, kwa mfano tu, basi la watu 50 lakodiwa kwa shilingi 1,000,000. Kila mtu akilipa, ni shilingi 20,000. Wakilipa watu 40 shilingi 25,000 kila mmoja, kumi huenda bila kulipa nauli. Shilingi 5,000 za mwenye nafuu zafuta machozi ya watoto kumi. Lakini hesabu hii yataka daftari lililo wazi, lisomwe mbele ya wote kabla ya safari na baada yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha ikipotea mara moja, hakuna atakayetoa mara ya pili.

Mwingine atasema, "Hifadhi ni za Wazungu, sisi tutazame nini?" Huyu na aende langoni aulize. Ada ya mwananchi ni sehemu ndogo tu ya ile atozwayo mgeni, na ya mtoto ni ndogo zaidi. Mlango umefunguliwa, tusiposhika njia na kuingia, tusiseme tumefungiwa.

Na wa tatu atasema, "Twenda kufurahi, si kusoma." Nami namwuliza: ni nani afurahiye zaidi arusini, ajuaye bibi arusi ni nani, au mpita njia aliyeisikia ngoma tu?

Basi, haya ndiyo niyatakayo, nayo si magumu. Mahali pamoja tu kwa siku moja. Basi liondoke kunapopambazuka, na watu wawe nyumbani kabla giza halijaingia. Wa Morogoro wakiondoka saa 12 asubuhi watafika Bagamoyo yapata saa nne. Wakikaa saa nne nzima, wakaondoka saa nane, watafika kwao saa 12 jioni. Wakienda Mikumi watafika saa mbili, wanyama wengi bado wakionekana. Watakao wanyama na bahari pamoja, na walale safarini usiku mmoja, au wajiwekee akiba ya kwenda Saadani, ambako hifadhi yenyewe yafika hata ufukoni. Majuma mawili kabla ya safari, wafundishwe habari za mahali waendako. Wakifika, wamtwae mwenyeji ajuaye kueleza, nao wamlipe haki yake. Majina ya wote yaandikwe, nao wahesabiwe kila wapandapo. Baharini wawekwe watu wanaojua kuogelea, wasiwe na kazi nyingine. Na wakirudi, kila mtoto aandike au asimulie jambo moja aliloliona. Asiye na la kusimulia, safari yake tuihesabu kuwa haikufika.

Wazazi, mkiletewa karatasi ya mahali panne, irudisheni. Msione haya. Ulizeni: basi laondoka saa ngapi? Dereva atalala wapi? Maji yatajaa saa ngapi? Daftari liko kwa nani? Mpangaji aliye mkweli atafurahi kuulizwa. Na akasirikaye, heri amekasirika kabla ya safari.

Mwenye neno jingine juu ya jambo hili na aliandike, tulisome sote.