Viporo visilipwe kwa misuli ya wachezaji

Aprili 27, 2025, Simba ilitoka suluhu na Stellenbosch huko Afrika Kusini na kutinga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mchezo wa kwanza wa fainali, dhidi ya klabu ya Berkane, ulikuwa Mei 17 mjini Berkane, Morocco. Shabiki angedhani wachezaji walipata wiki hizo kuvuta pumzi. Wapi! Viporo vya Ligi Kuu, yaani mechi zilizoahirishwa, viliwasubiri nyumbani, vikapangwa mfululizo mwanzoni mwa Mei.

Simba ilifungwa 2-0 Berkane, kisha ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar. Haitakuwa haki kusema ratiba ndiyo iliyoinyima kombe, maana Berkane ni timu nzuri. Ila kilichoifika Simba kinaonyesha ubovu wa dawa tunayoitegemea. Kila klabu inapobanwa na mechi za CAF, mechi ya ligi inaahirishwa. Kuahirisha hakumpi mchezaji nafuu; deni linasogezwa tu hadi mwisho wa msimu, wakati mwili umeshachoka.

Tena uchovu wenyewe hauonekani kwa macho. Utafiti wa Gregory Dupont na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia kwa misimu miwili wachezaji wa klabu iliyoshiriki Ligi ya Mabingwa Ulaya. Waliocheza mechi mbili kwa wiki hawakupungua mbio wakilinganishwa na waliocheza moja. Tofauti ilikuwa kwenye majeraha: 25.6 kwa kila saa 1,000 za mazoezi na mechi, dhidi ya 4.1. Mchezaji anaweza kuonekana yuko fiti kabisa mpaka dakika ile anaposhika paja na kukaa chini.

Pedri wa Barcelona anaujua ukweli huo. Msimu wa 2020/21, akiwa kijana wa miaka 18, alicheza mechi zaidi ya 70, zikiwemo za Euro na Olimpiki ya Tokyo. Msimu uliofuata majeraha ya paja yalimweka nje kwa miezi.

Huyo ana madaktari, ndege na kikosi kipana nyuma yake. Hapa nyumbani, klabu nyingi husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kuifuata Mashujaa Kigoma. Mchezaji anashuka garini na miguu iliyovimba, na usingizi ambao ungemrudishia nguvu ameuacha barabarani.

Likizo nayo imeliwa. Dabi ya Kariakoo iliyopangwa Machi 8, 2025 ilichezwa Juni 25. Agosti 2, Taifa Stars ilifungua CHAN kwa Mkapa, na kikosi chake kilitoka humohumo kwenye ligi ya ndani. Septemba mechi za CAF zikaanza, na Desemba 21 AFCON ikafunguliwa Morocco. Katikati ya hayo yote kulikuwa na kambi, na watoto wanaomwona baba zaidi kwenye televisheni kuliko mezani. Akili inayoishi hivyo nayo huchoka.

Klabu zitasema zinahitaji mapato ya milangoni, na televisheni inahitaji mechi. Ni kweli, lakini kinachouzwa ni mchezaji mzima, si mchezaji aliyelala hospitali.

Julai 2025, FIFA ilitangaza makubaliano kwamba mchezaji apate angalau saa 72 kati ya mechi na mechi, na siku 21 za mapumziko msimu unapoisha. TFF na Bodi ya Ligi waandike viwango hivyo kwenye kanuni, viwe na adhabu, na ratiba ya ligi itenge mapema wiki za CAF na timu ya taifa badala ya kusubiri barua ya kuomba kuahirisha. Makocha nao wawaamini wachezaji wa benchi, hasa kwenye mechi ambazo kikosi cha kwanza kimetoka tu safarini.